Fundi wa Paa Aliyekataa Paa

Fundi wangu wa Turffontein, hapa Johannesburg, amefariki, hii ni wiki ya tatu, na bado naandika kwa hasira, mnisamehe. Nilipigiwa simu Jumanne asubuhi nikiwa ofisini Braamfontein. Dada mmoja wa kanisani kwao akaniambia, "Mama, Papa ametuacha," na kabla sijauliza lini wala wapi, akaongeza, "Ile gari, Mama. Ile baridi ya ile gari ndiyo imemmaliza." Kufika saa sita mchana nilikuwa nimepokea simu nne, zote na wimbo ule ule. Kufika jioni, watu ambao hawajawahi hata kulitia machoni gari lenyewe walikuwa wameshakata shauri: mzee wa miaka hamsini na tisa, mwenye mke na akili zake, anaendesha gari lisilo na paa mwezi wa saba, Johannesburg, asubuhi ambayo majani yamekuwa meupe kwa barafu, alitarajia nini? Na yule mke wake alikuwa wapi asimkataze? Hapo ndipo damu iliponichemka. Kwa maana katika ukoo wa marehemu swali la nini kimemuua mtu si la kupigia soga. Huulizwa mbele ya kikao, kabla ya mazishi, na anayeulizwa ni mjane. Akionekana na kosa, anaondoka na nguo zake tu, na karakana, cherehani na jina lake vinabaki mikononi mwa wakwe. Wasomaji wangu wa siku zote mnajua nina ulimi. Wiki hii nitautumia.

Nianze na kazi yake, maana bila kazi yake hamtamwelewa. Kwao Lubumbashi alikuwa fundi wa suti. Alipofika huku akakuta mji umejaa mafundi wa suti kutoka kwao, akakaa miezi akipunguza suruali za watu, mpaka siku mzee mmoja wa Kizungu alipomletea turubai jeusi lililochanika na kumwuliza kama cherehani yake inaweza kulishona. Lilikuwa paa la gari. Mnayajua yale magari ya zamani ya Kiingereza, ya michezo, viti viwili tu, yamelala chini hadi ukikaa unahisi lami iko chini ya makalio, na paa lake ni kitambaa kilichotandazwa juu ya vyuma vinavyokunjwa. Yapo mengi Johannesburg, yanatunzwa na wazee wenye muda na mapenzi. Fundi alilishona lile turubai, akalivuta likakaa bila kunyanzi hata moja, na tangu siku ile hakushona tena suti isipokuwa yake ya kuendea kanisani. Karakana yake ilikuwa gereji nyuma ya nyumba waliyopanga, mitaa michache kutoka uwanja wa mbio za farasi. Humo alikata, alishona, na zaidi ya yote alibandika, kwa sababu kazi ya paa na viti vya magari nusu yake ni uzi na nusu yake ni gundi. Ile gundi kali ya manjano, ambayo ukiingia mlangoni tu macho yanaanza kulia.

Kilichotukutanisha ni Kiingereza. Yeye alikuwa na Kiswahili cha kwao, ambamo ndiyo huwa njo, kabla huwa mbele na mke huwa bibi, na Kifaransa, na Kiingereza cha kuulizia inchi na rangi, basi. Mimi mtoto wa Tanga nakula kwa kufasiri. Mzee yule wa turubai la kwanza, alipohamia kwa mwanawe ng'ambo, alimwachia Fundi gari lake, karatasi zote zimesainiwa, pamoja na kitabu cha mwongozo kilicholiwa na mende pembeni. Fundi akaniletea nimsomee. Tukaenda ukurasa kwa ukurasa, kikombe cha chai baada ya kikombe cha chai, tukafika sura ya majira ya baridi. Kitabu kinasema: kabla ya baridi kuingia lioshe gari, toa betri, lifunike, usilitoe mpaka majira yabadilike. Fundi alicheka mpaka akashika meza. "Mama, soma tena." Nikasoma tena. "Njo hii! Njo hii bale bazee banafuataka!" Kumbe wateja wake wote, wenye chama chao cha magari ya kale na vikofia vyao, hutii sura hiyo kama amri ya Mungu. Mwezi wa tano wanayafunika magari kwa mablanketi. Mwezi wa kumi wanayafunua.

Sasa wewe uliyewahi kukaa Johannesburg hebu nisaidie kucheka. Baridi ya huku ni kavu. Miezi mitatu hutaona tone la mvua, mbingu ni buluu tupu, na ikifika saa nne asubuhi jua linakuchoma paji la uso huku vidole vya miguu vimekufa ganzi. Mvua ni za miezi ya joto, alasiri baada ya alasiri, na mawe yake yanatoboa bati. Kwa hiyo wazee wale huyaficha magari ya wazi miezi yote ya ukavu, kisha huyatoa siku mawe yanapoanza kushuka, halafu humkimbilia Fundi na mapaa yaliyochanika. Alijaribu kumweleza mmoja wao. Akajibiwa kwamba kitabu ni kitabu, na waliokiandika ndio waliolitengeneza gari. "Ile kitabu baliandika kule kwabo," Fundi aliniambia. "Kule banatiaka chumvi mu barabara juu ya barafu, na chumvi inakula chuma. Huku chumvi iko mu mboga tu." Na gari lake yeye, rangi ya machungwa yaliyopauka, alilivua lile paa la kwanza na hakulishonea jingine kamwe. Alilishonea kifuniko cha kiti cha abiria chenye zipu, na juu yake mbingu. Mapaa, alisema, ni ya wateja.

Nilipanda mara moja tu, Jumapili moja mwezi wa sita, na nilipanda kwa sababu alinidhihaki. Alinifuata nyumbani kwangu Kensington nikiwa nimejifunga khanga mbili juu ya koti na blanketi juu ya khanga. Akanitazama, akasema, "Mama, unaenda mu safari ao mu hospitali?" Akavuta kile kidude cha kulisaidia gari kuwaka likiwa baridi, injini ikakohoa mara mbili, ikanguruma. "Moteur inapenda baridi," akasema. "Hewa inakuwa nzito, inakula vizuri. Mutu njo anaogopa." Jamani, sitasema uongo, dakika kumi za kwanza nilisoma dua zote ninazozijua. Hita yake inapuliza moto miguuni tu, kwa hiyo magoti yanaiva na masikio yanaganda. Lakini tulipoacha majengo na kupita vile vilima vya mchanga wa migodi, jua likiwa limeshika kasi, harufu ya nyasi zilizoungua ikitupiga usoni, nilijikuta nimefungua kifungo cha koti, halafu cha pili. Kwenye robot moja, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, dereva wa teksi, daladala za huku, akachungulia kutoka juu akamwuliza kwa Kizulu paa limeibiwa na nani. Fundi akamjibu kwa Kizulu chake kibovu kwamba ameliuza anunue mafuta. Teksi nzima ikacheka. Nikamwona akivuta pumzi, ndefu, kifua kikipanda mpaka mabegani, na sikujua wakati ule kwamba nilikuwa namwangalia mtu akifanya kitu asichoweza kukifanya mahali pengine popote.

Kwa sababu mahali pengine popote alikuwa amefungiwa, na hapa lazima nitusute sote tuliotoka kwenye joto. Sisi tukifika mji huu tunaiogopa baridi kuliko nyoka. Tunaziba nyufa kwa matambara, tunabandika gazeti dirishani, tunawasha jiko la mafuta ya taa katikati ya chumba na kulala tukiwa tumekunjana, na asubuhi tunashangaa kichwa kinatuuma. Kisha ukaja 2015, na tukapata sababu ya pili ya kufunga. Mkumbuke mwaka ule. Maduka ya wageni yalivunjwa, na spaza, yaani duka dogo la mtaani, ya jirani yake Fundi, Mhabeshi mpole asiyeinua hata macho, ilisafishwa mpaka rafu. Mke wa Fundi alikuwa peke yake karakanani. Alijilaza chini ya meza ya kukatia vitambaa, akasikiliza yote, na alipotoka hakuwa tena mwanamke aliyekuwa akiimba huku akiweka vifungo. Akamwita mchomeleaji. Mlango wa karakana ambao kila mara ulikuwa wazi, wateja wakiingia na magari yao na majirani wakichungulia, ukawekewa mwingine wa chuma, mzito, wa kufungwa kwa ndani. Dirisha pekee likazibwa kwa bati. Kuanzia siku ile Fundi akashona na kubandika gundi ndani ya sanduku, miaka mitatu, bila kulalamika, kwa sababu alimpenda mkewe na hakuweza kumwona akitetemeka tena.

Mwezi wa tano mwaka huu alinipigia simu nimsindikize hospitali kufasiri. Kikohozi, alisema, kidogo tu. Daktari, mwanamke kijana mwenye haraka, alimsikiliza mgongoni, akamtazama, akamsikiliza tena. Akaniuliza huyu mzee anavuta sigara pakiti ngapi. Nikafasiri. Fundi akasema hajawahi kuiweka sigara mdomoni maisha yake yote. Daktari akauliza kazi. Nikafasiri: gundi, vitambaa, sponji. Akauliza, humo ndani kuna hewa? Fundi akaanza kufunga vifungo vya shati. Nikarudia swali. Akasema polepole, "Mwambie kuko mulango moja. Munafungwaka." Yule daktari akaweka kalamu chini. Akasema mapafu yake yamechomwa na mvuke wa gundi, kilichokwisha kuharibika hakirudi, kilichobaki kinaweza kulindwa, na dawa ya kwanza kabla ya vidonge ni kuufungua mlango huo leo hii. Nikamwuliza mwenyewe, kwa kuwa nami nilikuwa na wasiwasi wangu wa kishamba, kuhusu gari la wazi na baridi. Akasema kama gari hilo ndilo linalomtoa nje, basi aendeshe kila siku.

Tulipofika maegesho Fundi akanishika mkono. Hakuwa mtu wa kushika watu mkono. "Mama, bibi yangu asijue." Nikamwambia huna akili, asipojua ataufunguaje? Akasema, "Akijua, atajua ni yeye njo alifunga. Ile itamuua mbele ya miye." Mfasiri huapa kutunza siri, lakini sitajificha nyuma ya kiapo. Ningeweza kuzungumza. Wiki iliyofuata nilipeleka kiti changu cha ofisini kibadilishwe ngozi, uongo mtupu, nilitaka tu kukagua, na nikakuta mlango umefunguliwa kiasi cha kupitisha mkono. Mkewe akatoka jikoni, akanisalimu, akauona ule upenyo, akausukuma mlango ukafunga. Aliusukuma kwa upole, kama mtu anavyomfunika mtoto shuka. Fundi akanitazama. Mimi nikatazama kiti changu. Nilikunywa chai yao, nikaaga, nikaenda zangu. Hiyo ndiyo sehemu yangu, na sijaiandika ili mnionee huruma.

Aliendelea kuendesha. Kila asubuhi, barafu ikiwa bado majanini, majirani walimwona amevaa kofia ya sufu na koti lake la suti akitoka geti la nyuma na kurudi saa mbili baadaye mashavu yamewiva. Walikuwa wakitikisa vichwa. Mwezi wa saba akalazwa, siku tano, na ya sita ndiyo ile Jumanne.

Mdogo wake alifika kwa basi kutoka Lubumbashi, siku tatu njiani, macho mekundu kwa vumbi na kilio. Sikumchukia. Kikao kiliwekwa sebuleni, makochi yametolewa, wanawake chini kwenye magodoro, wanaume kwenye viti vya kanisa. Nilialikwa kwa sababu ilisikika kwamba nimewahi kupanda lile gari, yaani nilikuwa shahidi wa upumbavu. Nilikwenda nimeamua kusema. Usiku mzima nilikuwa nimepanga maneno, na kila nilivyoyapanga yalimwokoa mjane kwenye shimo moja na kumtumbukiza kwenye lingine. Mdogo wa marehemu akasimama. "Bibi ya kaka," akasema, "tunakuuliza mbele ya batu. Nini iliua ndugu yetu? Na weye ulifanya nini?" Mzee mmoja wa kanisa, naye hakuulizwa, akadakia kwamba kila mtu anajua, ni ubishi wa marehemu na gari lake, na mwanamke mwenye kauli nyumbani angeuficha ufunguo. Watu wakaguna kukubali. Nikainuka kwenye godoro. Mjane akaweka kiganja chake begani kwangu, akanikalisha, akasimama yeye.

Ni mwanamke mfupi. Alivua kitambaa cha kichwani akakishika mkononi. "Kwanza, ile gari muiachie," akasema. "Asubuhi alikuwa anatoka hapa anakohoa, anarudi anaongea. Miye njo nilikuwa naye, hamukuwa naye. Karatasi ya munganga ya hospitali niliiona mu koti yake, mutoto wa jirani alinisomea, ni wiki mbili mbele alazwe. Nikafungua mulango siku ile ile. Ilikuwa imechelewa." Akakikunja kile kitambaa mara mbili. "Ni gundi. Na mulango. Na ule mulango ni miye nilifunga, kwa mukono yangu. Mukitaka kunitoa, munitoe. Lakini mutaandika yote. Mutaandika bibi alifunga mulango, na mutaandika ni nani balikuya kuvunja kwa jirani mpaka bibi akafunga. Mutaandika pia ninyi ba kanisa mulituambia tukae kimya, tusionekane, tusiongee Kiswahili mu bus. Tulikaa kimya. Hatukuonekana. Tunazika mutu." Alisema bila kulia. Mdogo wa marehemu ndiye aliyelia, yule aliyesafiri siku tatu kuja kuuliza, akaketi chini sakafuni kwenye upande wa wanawake, na hakuna aliyemwondoa. Kabla ya jioni alikuwa amesema mbele ya wote kwamba karakana na cherehani ni za mjane, na asiwepo wa kumwuliza tena.

Watu walipotawanyika alinikuta jikoni naosha vikombe. Akaniuliza, "Mama, weye ulijua tangu lini?" Nikasema tangu hospitali, mwezi wa tano. Nilitaka kueleza ombi la marehemu, maegesho, mkono wake juu ya wangu. Akasema, "Wiki sita mbele ya miye," akahesabu kwa kidole gumba juu ya vidole vingine, akachukua taulo akaanza kukausha vikombe nilivyoosha. Hakunipigia simu wiki mbili. Nilistahili. Juzi ndiyo akapiga. Alikuwa karakanani, nilisikia barabara nzima nyuma ya sauti yake, magari, watoto wa shule, mtu anauza machungwa. Alisema ana paa moja la kumalizia, mzee mwenyewe atalihitaji mwezi wa kumi kama kawaida yao, na kwamba nikiwa na safu yangu kwenye gazeti niitumie. Nikamwuliza niandike nini. "Yote," akasema. "Usinifiche. Na usijifiche."

Nimeandika. Nawajua mtakaosoma. Wewe unayesuka nywele kwenye chumba cha ghorofani, madawa yanakutoa machozi na umefunga kwa sababu ya baridi. Wewe unayepaka rangi makochi ndani ya gereji na kufuli kwa ndani. Wewe uliyemwambia mwanao asiniitikie nikimsalimu kwa Kiswahili barabarani. Tumefundishwa kwamba kujificha ni usalama, na sisi tukawa wanafunzi wazuri kupita wale wazee na kitabu chao. Mimi nakataa kuendelea na masomo hayo. Fundi alikuwa na saa mbili kwa siku za kuwa mtu anayeonekana, akazitumia zote, na wale waliotikisa vichwa wakimtazama walikuwa wanamtazama akiishi. Na anayetaka kunichukia mimi kwa wiki zangu sita za kimya anayo haki kamili, nitampokea na sitajitetea. Ila afungue dirisha kwanza.